Tulivyoomba Mahari kwa Serikali ya Mtaa

Msonyo ule ninao masikioni mpaka leo. Haukuwa wa mtu mmoja, maana wa mtu mmoja huisha. Ulianzia kwa mzee aliyekaa benchi la mbele, ukapokewa na jirani yake, ukapita benchi hadi benchi, mrefu na mkavu, kama mtu anayeburuta ndoo tupu kwenye sakafu ya saruji. Tuliosonywa tulikuwa wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha dagaa. Na aliyeandika maneno yaliyosonywa ni mimi.

Mtaa wetu uko ziwani, ukishuka kutoka upande wa Nyakato, pale ambapo mawe makubwa yamejipanga mpaka majini. Kazi yetu ni kukausha dagaa. Tulikuwa tunaanika chini, juu ya mchanga, tumeinama toka asubuhi. Mama mkubwa, aliyenichukua kutoka kwetu Mara nilipoishia kidato cha pili, mgongo wake ulishakataa kunyooka kabisa. Akisimama anabaki vilevile kama bado anaanika. Na dagaa wa mchangani hawana heshima. Wafanyabiashara wa Igoma walikuwa wanakuja, wanachukua dagaa mmoja, wanamtafuna taratibu, wakisikia mchanga unalia kwenye meno wanatema mbele yako. "Hawa wa kuku," wanasema. Mvua ikinyesha ndiyo basi tena, hata kuku hawapati.

Siku moja afisa maendeleo ya jamii wa kata akaja na habari ambayo mimi ilininyima hata hamu ya kula. Halmashauri ilikuwa na mpango wa kuwawezesha wanawake wa ufukweni. Watajenga vichanja, yaani meza ndefu za miti zenye nyavu juu, dagaa wanakaa hewani, wanakauka safi. Lakini halmashauri haijengi angani. Kikundi kiwe na sehemu yake, na sehemu hiyo ipitishwe na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Mtaa usiopitisha kabla mwezi haujaisha, vichanja vinakwenda mtaa mwingine.

"Wenzenu wa upande wa pili wa mawe wameshapata pao," akasema. "Mimi nasubiri karatasi tu."

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Kabla hajamaliza kunywa soda yake nilishaona vichanja kumi na moja vimepangwa, nimeshaona dagaa wetu kwenye vifurushi vyenye picha ya ziwa, nimeshawaona wale wa Igoma wanatafuna na kutikisa kichwa kwa raha. Kiwanja tulishakijua: uwazi wa serikali ya mtaa ulio kati ya shule na maji. Nani angekataa?

Nikapewa kazi ya kuandika muhtasari wa maombi yetu, kwa sababu nina mwandiko mzuri. Hilo nalisema bila aibu, ndicho kitu kikubwa nilichotoka nacho shule. Niliandika kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari nikavipigia mstari kwa rula, nikapeleka ofisini siku mbili kabla ya mkutano.

Sasa niwaeleze kuhusu ndimi zetu. Sisi watu wa kwetu Mara, herufi hizi mbili, l na r, zinatuchanganya, na mara nyingi tunaiachia r ishinde. Tunakula ugari, tunafunga mrango, tunarara. Majirani zetu Wasukuma wao wamekwenda upande wa pili: wanatembea balabalani, na siku ya uchaguzi wanapiga kula. Tunaishi hivyo miaka yote, tunauziana samaki, tunazikana, tunaelewana. Tatizo ni kwamba siku zile, mara nyingine, nilikuwa naandika ninavyosema. Na mtendaji wa mtaa wetu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, anasoma kila herufi kama ilivyo.

Basi siku ile ya mkutano, kwenye uwanja wa shule, watu wachache kama kawaida, mtendaji akasimama na karatasi yangu.

"Kikundi cha wanawake wakausha dagaa," akaanza. "Kipaumbele namba moja. Tunaiomba serikali ya mtaa itupatie mahari."

Akasogeza karatasi karibu na macho. Akaendelea, maana alikuwa ameshaanza:

"Wanawake tumeteseka miaka mingi bila mahari. Wenzetu wa upande wa pili wa mawe wameshapewa mahari yao. Tunataka mahari ya kudumu, siyo ya kuhamahama, na iwe na uzio."

Yule mzee wa benchi la mbele akamgeukia jirani yake. Ni mfugaji, ana ng'ombe tisa, na kila jioni anawapitisha kwenye uwazi ule kwenda kunywa maji.

"Wanataka mahali gani hawa?" akauliza.

"Siyo mahali, mzee," mtendaji akamjibu kwa adabu. "Mahari. Ile ya kuolea."

"Ya ng'ombe?"

"Hiyo hiyo."

"Na uzio?"

"Ndivyo walivyoandika. Yenye uzio."

Mzee akasimama. "Bagosha, mmesikia?" akawaita wanaume wenzake kwa Kisukuma. "Wanataka ng'ombe zetu, na zizi juu!"

Ndipo ule msonyo ukaanza.

Niliruka kwenye benchi kama nimekalia siafu. "Hapana, baba! Siyo mahari! Ni mahari!"

"Ndiyo hiyo tumeisikia."

"Mahari, baba! Mahari!"

"We binti, umeambiwa tumesikia. Mnajioza wenyewe?"

Mama mkubwa naye akainuka, mgongo umepinda, akapaza sauti: "Ni mahari pa kuanikia, jamani!" Mwanaume mmoja nyuma akadakia: "Sasa mahari inaanikwa?" Ikabidi dada mmoja Msukuma wa kikundi chetu aokoe. Yeye l anayo. Akasimama akasema vizuri kabisa, "Wanamaanisha mahali!" Lakini kwa wale wazee neno ni hilo hilo kwa yote mawili, wanalisema hivyo hivyo wakipeleka posa. Mzee akamjibu, "Ndiyo, mahali! Ng'ombe! Kwani sisi tunasema nini?"

Leo ninapoandika nacheka peke yangu. Siku ile hakuna aliyecheka. Wale wanaume walikuwa wamekasirika kweli, siyo mzaha. Walisema mahari ni ya mzazi. Walisema hizi semina za uwezeshaji ndizo zinazoharibu wake za watu. Mmoja alininyooshea kidole, akasema mtoto wa kike asiye na baba mjini ndiye anayewafundisha wake zao kudai ng'ombe. Nilitaka kujibu kwamba baba ninaye, yuko Mara, anavua.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye uchaguzi ulikuwa unamkaribia, hakututetea. Alitazama saa. Mtendaji akasema akidi haijatimia, yaani watu hawajafika idadi inayotakiwa, kwa hiyo hakuna la kuamua, mkutano utarudiwa baada ya wiki mbili. Muhtasari ukibadilishwa, ubadilishwe siku hiyo mbele ya watu, siyo kwa kelele.

Wiki mbili. Na mwezi ulikuwa umebakiza wiki mbili na siku tatu.

Jioni ile ile picha ya karatasi yangu ilikuwa kwenye grupu la simu la mtaa. Sijui nani aliipiga. Mwandiko wangu mzuri, mistari yangu ya rula, na chini yake vicheko na matusi mpaka kidole kinachoka kushuka. Kesho yake nikipita kijiweni, vijana wa bodaboda wakanipigia vigelegele vya harusi. "Bibi harusi wa halmashauri huyo! Mwenyekiti ametuma washenga?" Nikawa bibi harusi. Dukani bibi harusi, kisimani bibi harusi. Mwanzoni nilicheka nao, kwa sababu ndivyo nilivyo. Siku ya nne sikuweza tena.

Kilichoniuma zaidi ni ndani ya kikundi. Wanawake watatu walikatazwa na waume zao kuonekana na sisi. Mmoja alipita karibu yangu na ndoo kichwani, nikamwambia shikamoo dada, akageuza uso. Siku nyingine tuliamka tukakuta ng'ombe wamepitishwa katikati ya dagaa wetu, siyo pembeni kama kawaida. Katikati. Kwato zimewazamisha kwenye mchanga, kilichobaki ni kuokota mmoja mmoja. Tuliokota mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyesema na mimi.

Mama mkubwa ndiye aliyesema, tukiwa tunarudi nyumbani.

"Nilikupa karamu uandike. Sikukutuma uolewe."

"Mama mkubwa, hata wewe unasema hivyo hivyo. Ukitamka wewe ndivyo inavyotoka."

"Mimi sikwenda sekondari."

Alitangulia, ameshika kiuno kwa nyuma kwa mikono miwili, anavyofanya akitaka mgongo umsamehe. Nikajua kama vichanja vinakwenda mtaa mwingine, mvua za mwaka huu zitamkuta chini vilevile, na nitakuwa nimemfanyia hivyo mimi.

Nikaanza kuufundisha ulimi wangu. Nikigeuza dagaa nasema, mahali, mahali, mahali. Nikiwa peke yangu ilikuwa inatoka. Akitokea mtu tu, hata mtu wa kuuliza saa, inageuka.

Mkutano wa pili mtaa ulijaa. Sijawahi kuuona hivyo, hata siku za kampeni. Wanaume ambao hawajui ofisi ya mtaa ina mlango upande gani walikuja, wafugaji, mafundi wa Nyakato waliotoka zamu, wavuvi, bodaboda zimepangwa ukutani. Walikuja kuzuia ng'ombe wao wasichukuliwe. Kila aliyeingia aliandikwa jina na kusaini. Mtendaji akahesabu karatasi za mahudhurio, akatangaza akidi imetimia na kupita. Nilimtazama dada Msukuma wa kikundi, naye akanitazama. Mambo ya vikundi vya wanawake yalikuwa hayajawahi kupata akidi.

"Katibu wa kikundi aje afafanue," mwenyekiti akasema, bila kunitazama.

Nikaenda mbele. Vigelegele vikaanza kule ukutani. "Bibi harusi! Bibi harusi!"

"Shikamooni wazazi wangu."

Waliitikia wachache.

"Kuna neno niriandika vibaya," nikasema, na hapo hapo nikajisikia. Mtu akaiga: "Niriandika!" Watu wakaguna. Nikalitafuta lile neno langu la wiki mbili. Nilijua likitoka litatoka lilivyotoka siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna tena wa kunisikiliza. Kwa hiyo nikaliacha. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye uwazi, upande wa maji.

"Tunachoomba ni pare."

Kisha kijana mmoja wa bodaboda akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Upareni? Dada, tuhamie Kilimanjaro wote?"

Uwanja ukalipuka. Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, siyo kwa mgongo. Basi sijui ujasiri ulitoka wapi, labda ni hasira tu, nikaiacha ile karatasi yangu juu ya meza ya mtendaji, nikaanza kutembea. Nikatoka uwanjani, nikashuka. Nikasikia nyuma, "Anakwenda wapi huyo?" "Mwacheni, amekwenda kwa mume." Sikugeuka. Nilipofika kwenye uwazi, pale katikati, nikasimama, na kumbe walikuwa wamenifuata, mwanzoni wale wa kucheka, kisha wote, mpaka mwenyekiti na mtendaji wake na karatasi zake mkononi.

Nikapiga mguu chini.

"Hapa," nikasema. Neno lile halina l wala r. "Tunaomba hapa. Hapa tu. Tuweke vichanja. Ng'ombe wa mtu hatutaki."

Wakatazamana.

"Hapa kwenye mchanga?" akauliza fundi mmoja.

"Hapa."

"Na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe."

"Na uzio ni wa nini?"

"Wa mbuzi wasire dagaa."

"Khaa!" akasema. "Yaani nimeacha ovataimu kwa ajili ya mchanga?" Akageuka akaondoka, na wengine nyuma yake, wanatukana, wanasema wamepotezewa muda, wanasema wanawake hawa hawana akili. Bodaboda zikawashwa. Nusu ya wanaume wa mtaa walipanda mlima kurudi kwenye shughuli zao, huku majina yao yamebaki kwenye mahudhurio.

Yule mzee wa ng'ombe hakuondoka. "Ng'ombe zangu zipite wapi?" akauliza. "Haya maji zinakunywa tangu hujazaliwa wewe."

"Kuna njia ya pembeni, mzee," mwenyekiti akamjibu haraka haraka. "Tupige kura, jua linazama."

Watu wakanyoosha mikono pale pale mchangani. Wanaokataa walikuwa na sauti kubwa lakini walikuwa wamebaki wachache. Upande wetu nilimwona mmoja wa wale watatu waliokatazwa na waume zao, amefunika uso kwa mtandio, mkono uko juu. Mtendaji akahesabu, akarudia kuhesabu, akaandika. Imepita. Mama mkubwa hakunikumbatia, siyo mtu wa hivyo. Alinipita akasema, "Kesho uamke mapema, tuna kazi," na ikanitosha.

Mzee alinisonya peke yake, mara moja, akaenda zake.

Afisa maendeleo alikuja na kamba na vigingi siku mbili baadaye, karatasi zikawahi halmashauri. Walipima mpaka karibu kabisa na mawe, kwa sababu kila aliyekuwepo alitaka eneo liwe kubwa. Tukagawana nafasi za vichanja. Mimi, kwa kuwa ni mdogo wa wote, nikapewa ya mwisho, ile inayopakana na mawe. Tuliimba siku ile. Nilikwishaona vifurushi vyangu tena, safari hii nimeongeza na kamba nyekundu ya kufungia.

Jioni nikarudi kuchukua ndoo niliyosahau. Mzee alikuwa pale na ng'ombe zake. Ile njia ya pembeni aliyoisema mwenyekiti ilikuwa imebaki kati ya kigingi cha mwisho na jiwe, na ilitosha toroli tu. Ng'ombe wa mbele, jike lenye pembe pana, aliingiza kichwa, akarudi nyuma. Akajaribu tena. Wengine walikuwa wanasukumana nyuma yake, wananusa maji wanayoyaona. Mzee alikuwa anawapiga taratibu kwa fimbo, bila nguvu, kama mtu anayejua haitasaidia.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. "Bibi halusi," akasema, macho kwa ng'ombe. "Umenikomoa. Umefulahi?"

Nikasema sikukusudia. Akasema wote huwa hawakusudii. Akawageuza, akaanza kupanda nao mlima, kiu yao wameirudisha nyumbani. Kuna kingine alichosema kuhusu mama yangu ambacho sitakiandika.

Usiku huo sikumwambia mama mkubwa. Nilijua angesema nini. Ng'ombe wale ndio waliokanyaga dagaa wetu, na mwenyewe ametutukana mbele ya mtaa mzima. Angekuwa sahihi. Wanakikundi wote wangekuwa sahihi. Na kigingi cha serikali hakiguswi, hilo hata mimi wa kidato cha pili nalijua.

Asubuhi, kabla wenzangu hawajashuka, nilikwenda peke yangu. Kigingi kilikuwa kimeshika. Nilikitikisa, nikakichimba kwa vidole kuzunguka, nikakivuta kwa mikono miwili mpaka kikatoka na mchanga wake uliolowa. Nikaweka mgongo kwenye jiwe, nikahesabu hatua kuingia upande wetu. Moja, mbili, tatu. Nikafikiria upana wa zile pembe. Nne. Nikakisimamisha pale, katikati kabisa ya sehemu ya kichanja changu, nikaokota jiwe, nikaanza kukigongelea.